Harufu ya Alhamisi

Makindye, Kampala
20 Februari 2024

Shangazi Mastura,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, si umesimama na ufagio ukiwafokea wajukuu. Fabiano, kondakta wa basi la Nairobi, ameahidi kuifikisha mkononi mwako, na nimemwonya kwamba akimpa mtu mwingine pale Kibera asinijie tena dukani. Ningepiga simu, lakini tangu masikio yako yagome, kila nisemalo mjukuu wako hulirudia kwa sauti mbele ya nyumba nzima, na haya si maneno ya nyumba nzima.

Hapa tu wazima. Paa la nyumba ya marehemu baba linavuja upande wa jikoni. Biashara Kikuubo imelala; watu walimaliza fedha Krismasi, sasa wanapapasa mapazia yangu, wanayasifu, wanaondoka. Nafisa ameingia darasa la pili, meno ya mbele yameng'oka, na bado anataka kuguguna mahindi ya kuchoma.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Arobaini ya Zuleika imepita na kila mtu amerudi kwake, nimebaki mimi na maswali. Dada yangu hakuwa na presha. Mwaka jana tulipimwa siku moja, na aliyeambiwa apunguze chumvi ni mimi. Halafu yeye ndiye aanguke bafuni kwa presha, mchana wa Alhamisi, peke yake nyumbani? Nani alisema ni presha? Nimeuliza watu wote, kila mmoja anasema kaambiwa na mwingine.

Na Kamis, mume wake. Alikuja mazikoni ile Ijumaa, akasema simu ilimkuta Gulu akirudi na lori kutoka Juba. Akazika, akakaa matangani kama mgeni, akaondoka. Nafisa ni mtoto wake wa pekee na hamuulizii. Wiki iliyopita nilimpeleka mtoto hadi yadi ya malori kule Nateete. Baba mtu akamnunulia soda, akaangalia pembeni. Tukiwa njiani kurudi Nafisa akaniuliza, "Baba nakasilika na mimi?" Mtu anayeogopa uso wa mwanawe ana jambo.

Tena kuna chungu. Kile cha dukhani, cha marehemu mama, chenye mdomo uliomeguka. Alimpa Zuleika alipoolewa, na ilikuwa siku yangu ikifika kije kwangu. Nilipokwenda kufungasha vitu vya dada kwenye ile nyumba ya kupanga, sikukiona. Unajua sisi tusioolewa hatukaribii dukhani. Ninachojua ni kwamba mke hukaa juu ya moshi wa kuni za talha, amejifunika blanketi, ili ngozi ishike harufu kwa ajili ya mume. Zaidi ya hapo mlikuwa mnatufukuza. Lakini chungu ni cha mama, na nakitaka.

La mwisho linakuhusu wewe. Siku ya kumwosha ulinitoa nje. Ulisema machozi yangu yatamdondokea. Sikuwa nalia, shangazi. Nilikuwa bado sijaanza kulia.

Nijibu bila kunizungusha.

Binti wa kaka yako,
Habibah


Kibera, Nairobi
8 Machi 2024

Mwanangu Habibah,

Wa aleikum salaam. Barua imefika, na Fabiano amekunywa chai yangu vikombe vitatu, kwa hiyo ada ya posta nimelipa mimi. Kiswahili chako kimenyooka kuliko nilivyotegemea kwa mtu aliyekulia kambini kwa askari. Baba yako angefurahi.

Sisi tunajiandaa na Ramadhani. Mji umevimba bei, lakini tende hazikosekani. Miguu yangu inauma asubuhi, mchana inasahau. Mwambie Nafisa bibi yake ana meno machache kuliko yeye, na mahindi anakula.

Umeuliza juu ya presha. Mtu mzima huweza kuwa nayo bila kujua. Umeuliza juu ya Kamis. Mwanamume akifiwa na mke hajui mikono yake aiweke wapi, mpe muda. Umeuliza kwa nini nilikutoa. Ulikuwa umesimama pale macho makavu kama mtu wa mahakamani, na maiti haioshwi mbele ya macho kama hayo. Nilikuwa na wanawake wawili wa msikitini wa kunimiminia maji. Tulitosha.

Mimi nimeosha maiti tangu kabla hujazaliwa. Anayeosha anafunga mdomo, akiona zuri alitaje, akiona jingine alizike. Hiyo ni amana, na wewe unaijua. Zuleika alioshwa kwa mkunazi na kafuri, akavishwa sanda, amekwenda safi. Muache apumzike.

Funga yako iwe nyepesi. Rekebisha paa kabla mvua haijaanza.

Shangazi yako,
Mastura


Makindye
2 Aprili 2024

Shangazi,

Ramadhani karimu. Nafisa amefunga nusu siku mara mbili na anataka ulimwengu wote ujue. Paa nimelirekebisha, sasa linavuja mahali pengine. Nakuombea miguu.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umejibu kila kitu isipokuwa chungu. Hata neno chungu hukuliandika. Basi nikaenda kuuliza mwenyewe.

Nilianza kwa Santina, jirani wa dada, yule mke wa polisi kutoka Gulu. Ndiye aliyemkuta. Nafisa alirudi kutoka shuleni jioni, akagonga mlango wa mama yake bila kujibiwa, akaenda kwa Santina. Alivyoniambia ni hivi: "Mlango ilikuwa nafungwa na komeo ya ndani, maskini. Sisi nagonga, nagonga, hakuna. Ledio tu ndio naimba. Bwana yangu navunja." Walimkuta Zuleika bafuni, sakafuni, na blanketi. Santina aliona na chungu cha majivu pale kando, akakisogeza kwa mguu ili wampitishe. Yeye ni Mwacholi, hajui chungu kile ni cha nini. Alidhani umeme ulipotea na dada alikuwa anachemsha maji.

Kwa hiyo Alhamisi jioni chungu kilikuwepo. Nani alikichukua?

Kutoka hapo nikaenda Nateete. Kamis hakuwepo, nikamkuta Ojera, dereva mwenzake. Nilimpelekea maandazi, nikamwambia nataka kujua lori lilifika wapi siku ile ya msiba, maana watu wa matanga waliuliza. Ojera si mtu wa kuficha. Akasema, "Gulu? Hapana. Sisi nafika hapa hapa Nateete Alhamisi, saa ya chakula ya mchana. Yeye nashuka na furaha mingi, nabeba pafyumu ya Juba, nasema naenda kushitukiza bibi."

Shangazi, Kamis alikuwa Kampala. Siku ile ile, mchana ule ule. Halafu akatudanganya sote kwamba yuko Gulu.

Komeo la ndani ndilo linalonikwamisha. Labda alimpa kitu akinywe, akaondoka, naye akafunga mwenyewe. Sijui. Nimekwenda kituo cha polisi. Ofisa aliniambia wanaweza kuomba kaburi lifunguliwe, ila itakuwa rahisi kama mkubwa wa familia ataweka sahihi. Mkubwa wetu ni wewe. Nitakutumia karatasi baada ya Idd.

Namchukia, shangazi. Sijawahi kumchukia mtu hivi, tena ninafunga.

Habibah


Kibera
19 Aprili 2024

Habibah,

Salaam. Idd tumekula vizuri, na wajukuu wamevaa viatu vipya wakavichafua kabla ya adhuhuri.

Karatasi usitume. Sitaweka sahihi. Kaburi la Zuleika halitafunguliwa nikiwa hai, na ukilifungua bila mimi usiniite tena shangazi. Kuna mambo, yakitoka, hayarudi ndani, na atakayeyabeba si Kamis. Ni Nafisa.

Sitaandika zaidi ya hapo, na usinilazimishe.

Mastura


Makindye
30 Juni 2024

Shangazi Mastura,

Assalaam aleikum. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe, na bado sijaimaliza. Idd ya kuchinja ilipita bila nyama yako ya kukaushwa. Nafisa meno yameota, makubwa, hayalingani na uso. Alishika nafasi ya nne darasani na akataka tumpelekee baba yake habari. Nikamwambia baba yuko Juba. Hakuwa Juba.

Mstari wako kuhusu Nafisa haukuniacha. Nikajua unajua kitu. Na kwa kuwa husemi, nilimfuata Kamis yadini, nikapanda mwenyewe kwenye kichwa cha lori alikokuwa amekaa, nikafunga mlango. Nikamwambia, "Wewe ulikuwa hapa Alhamisi. Utaniambia mimi, ama utaambia polisi."

Kwanza alichezea funguo. Kisha akasema, na nakuandikia alivyosema:

"Mimi naambia yeye nafika Ijumaa. Halafu safari nakuwa nyepesi, tunafika Alhamisi. Nasema wacha nishitue yeye. Nafika mlangoni, komeo iko ndani. Ledio nalia. Nagonga mara moja, mara ya pili. Halafu nasikia ile harufu, Habibah. Talha. Inatoka chini ya mlango. Wewe unajua mwanamke nakaa moshi sababu ya nini. Mimi nasema Ijumaa, yeye nakaa moshi Alhamisi, na mlango nafungwa. Basi, ni ya nani? Naondoka. Jioni wananipigia simu, nasema niko Gulu. Ningesema nini?"

Nilimwuliza, "Na Nafisa?"

Akafunika uso. "Kila nikimuona, nauliza hii ni yangu kweli."

Niliteremka bila kuaga. Nilikwenda Nateete kumkamata muuaji, nikarudi na dada yangu ameuawa mara ya pili. Nilimwamini, shangazi, hilo ndilo baya. Nilitaka niseme ni mwongo, lakini mtu hatungi uongo unaomwaibisha yeye mwenyewe.

Na sasa nimeelewa kwa nini ulinitoa wakati wa kumwosha. Ulisikia harufu ile. Wewe ndiye uliyechukua chungu.

Kama ni kweli dada yangu alikuwa na mtu, niambie hivyo hivyo, kwa neno moja. Nitachana kila karatasi ya polisi na sitauliza tena. Lakini nitakuwa namwangalia Nafisa na mimi nitafute sura ya mwanamume mwingine usoni mwake, kama baba yake. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kaburi.

Habibah


Kibera
14 Julai 2024

Mwanangu, mwanangu Habibah,

Wa aleikum salaam. Sisi wazima, mvua imekwisha, mbuzi wa jirani amekula kanga yangu iliyokuwa kambani. Nimeandika hivyo kwa mazoea tu.

Nimesoma barua yako nikafika pale Kamis anaposema, "Mimi naambia yeye nafika Ijumaa." Nikavua miwani. Nikaivaa tena nikasoma mstari ule upya. Halafu nikalia mpaka mjukuu akaja kuuliza nani amekufa.

Nakuambia sasa yote. Nilishuka kwenye basi ile Ijumaa asubuhi nikapitia kwake kuchukua nguo za kumfunika. Nikaingia bafuni. Chungu kipo, kuni za talha zimekuwa majivu, na dirisha limezibwa kwa taulo, moshi usitoke kwa majirani. Nikauliza, mume yuko wapi? Wakasema amepigiwa simu, yuko Gulu, anakimbia kuja. Basi hakutarajiwa. Basi mwanamke alikuwa anajifukiza kwa ajili ya nani? Nikalifungua dirisha, nikalivuta lile taulo, nikafunga chungu kwenye kanga, nikakitia kwenye begi langu.

Nilipomfunua kumwosha, harufu ilijaa chumba. Midomo na kucha zake zilikuwa nyekundu kama amepaka rangi. Nilisugua kwa kitambaa, haikutoka. Nikasema moyoni, amejipamba mpaka huko. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na pua nzima. Nikakutoa. Nilimwosha zaidi ya inavyotakiwa, nikamwaga kafuri mpaka wale wawili wakanitazama. Na nilipotoka, nikasema ni presha. Hiyo presha unayoitafuta, mwenye kuisema ni mimi.

Sasa sikiliza jambo tulilowaficha wasichana, na Mungu anisamehe kwa kulificha vizuri mno. Dukhani si kazi ya siku moja. Anayejifukiza leo tu, kwa ajili ya leo, atanuka moshi wa jikoni tu. Mke anayemngojea mume hukaa siku ya kwanza, akapumzika, akakaa tena, ngozi ikabadilika, na siku ya mwisho hagusi moshi, anapaka mafuta tu. Mume wa Ijumaa hufukiziwa kabla ya Ijumaa. Kila mwanamke wa kwetu aliyeolewa anajua. Mwanamume hajui, yeye hukutana na harufu usiku akadhani imeanza jioni.

Kamis alijua kwamba alisema Ijumaa, hakujua dukhani huchukua siku kadhaa. Mimi nilijua dukhani huchukua siku, sikujua alisema Ijumaa. Angesema ukweli matangani kwamba alitegemewa siku ile, ningemwelewa Zuleika papo hapo. Nami ningemwuliza swali moja tu, ningejua. Tulikaa chumba kimoja, yeye na mimi, tunakula wali mmoja, kila mtu anamfichia marehemu aibu ambayo hakuwa nayo.

Alikuwa anamngojea mume wake. Ndiyo hiyo tu.

Yaliyomuua siyajui. Sisi tulikaa uani, chungu kimezikwa ardhini, upepo unapita, hakuna aliyewahi kudhurika. Uliza mtu wa hospitali juu ya ule wekundu.

Onyesha barua hii kwa Kamis. Nilifunga mdomo kulinda jina lake Zuleika, na kumbe nilikuwa nalichafua. Mwambie muoshaji ameshuhudia.

Aliyekuosha hata wewe ulipozaliwa,
Mastura


Makindye
Ijumaa, 9 Agosti 2024

Shangazi yangu,

Assalaam aleikum wa rahmatullah. Fabiano amesema ulimpa barua ukiwa umevimba macho, akaogopa hata kuomba chai. Tumekula viazi vyako, asante. Biashara imeamka kidogo; shule zinakaribia kufungwa na watu wa arusi wananunua mapazia.

Nilimwuliza muuguzi mmoja hapa Makindye bila kutaja jina la mtu. Nilipofika kwenye midomo myekundu hakunisubiri nimalize. Akasema ni moshi wa makaa ndani ya chumba kilichozibwa. Mtu husikia usingizi, halafu hasikii tena kitu. Alisema hauumi. Nilimwomba arudie hilo la kutouma, akarudia. Nilitaka kumwuliza pia kama saa ya chakula cha mchana Zuleika angekuwa bado hai, kama mtu angevunja mlango. Sikuuliza. Wala wewe usimwulize mtu.

Kituo cha polisi nimekwenda nikawaambia tumeridhika.

Kamis nilimpa barua yako yadini. Alisoma polepole, anafuata kwa kidole. Alipomaliza akainuka, akaenda nyuma ya lori. Ojera alitaka kumfuata, nikamzuia. Aliporudi akasema, "Kumbe ni mimi. Alikuwa nangoja mimi." Akasema hivyo mara nyingi, shangazi, mpaka nikamwonea huruma, na sikuwa nimepanga kumwonea huruma. Bado sijamsamehe kwa Gulu. Nimemwambia hivyo. Akasema hajanilazimisha.

Kuhusu chungu, njoo nacho kwa dua ya mwaka. Kipo kitu nitakuambia ukifika, kina jina na kina duka la viatu Kikuubo, usianze kupiga vigelegele basini. Ila chungu tutakizika uani, chini ya mbingu, na utanifundisha mwenyewe, siku zote, hakuna cha kufukuzwa.

Leo baada ya swala ya Ijumaa Kamis amekuja hapa. Nilikuwa nasuka nywele za Nafisa, tumefungulia redio, mlango una komeo. Akagonga. Nikaachia msuko, nikautafuta mtandio, nikachelewa. Nafisa akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba baba ataondoka.

Hakuondoka. Aligonga, akagonga, akaita jina la mtoto wake, akagonga tena mpaka majirani wakatoka, na alikuwa bado anagonga nilipofungua.

Salimu wote. Sisi tunakungoja.

Habibah